Kapteni wa raga ama ni chai? Hivi ndivyo vyuo vya Marekani hushika wenye wanadanganya

Manze, msimu wa kuomba vyuo vya majuu ukifika, kila msee anageuka kuwa mwenyekiti wa klabu ya drama, kapteni wa raga na mwanzilishi wa kikundi cha kupanda miti. Swali ni, kuna mtu hukaa chini akacheki hizi stori?

Kusema ukweli, hakuna ofisa atapigia simu kila klabu. Fomu ya Common App inakupa nafasi ya shughuli 10, na vyuo vikubwa hupokea maombi makumi ya maelfu. Wanachofanya ni kuangalia kama stori yako inashikana.

Anza na hesabu. Fomu inauliza masaa kwa wiki, na wiki ngapi kwa mwaka. Wiki ina masaa 168. Toa usingizi, toa darasa, halafu jumlisha shughuli zako. Ikifika masaa 70, umejichoma mwenyewe. Na shule yako hutuma maelezo yake pia. Sasa wewe ulikuwa shule ya bweni, na unadai kila jioni ulikuwa mtaani ukifunza watoto soka. Ulikuwa unaruka ukuta?

Halafu kuna barua za walimu na mshauri wa shule. Hapo ndipo watu huangukia. Unakumbuka Lori Loughlin wa Full House? Yeye na mzee wake walitoa dola 500,000 ndio mabinti wao wawili waingie USC kama wapiga makasia. Walipigwa hadi picha wakiwa kwa mashine ya mazoezi. Lakini mshauri wa shule yao alishuku, akaambia chuo haamini hawa wasichana ni wapiga makasia. FBI ilifichua mchezo wote 2019. Lori alikula miezi 2 ndani, bwanake 5, na Rick Singer, aliyepanga hiyo dili, akafungwa miaka 3 na nusu.

Vyuo vya University of California vina njia yao: huchagua baadhi ya waombaji bila mpangilio na kuwaitisha ushahidi. Inaweza kuwa barua ya kocha, cheti, ama stakabadhi ya mshahara. Ukinyamaza, ombi lako linafutwa. Kwa hivyo weka namba ya kocha, na usitupe vile vyeti vya tamasha za muziki.

Chenye huniuma ni wasee wanaobuni klabu hewa wakiacha maisha yao halisi nje ya fomu. Kusaidia mathe kuuza mboga kila Jumamosi, ama kulea wadogo zako buda akiwa kazini, Common App ina sehemu yake kabisa: kazi ya kulipwa, na majukumu ya familia. Andika masaa yenyewe, kisha umwambie mwalimu wako mapema, ndio barua yake pia iitaje.