Jinsi ya Kusoma Mstari wa Jumla Katika Taarifa Zetu

Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu,

Kila robo mwaka tunawaletea taarifa yenye majedwali ya takwimu. Tunajua wengi wenu huenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, ule wa "Jumla". Hatuwalaumu, maana vikao ni vingi na muda ni mfupi. Lakini mstari huo unaweza kupotosha kuliko mingine yote. Kwa hiyo tumeubadilisha, na hapa tunaeleza sababu.

Majedwali haya hutengenezwa na kompyuta kutokana na madaftari ya vijijini. Zamani kompyuta iliupamba mstari mzima wa Jumla kwa namna moja, kana kwamba visanduku vyake vyote vina maana moja. Sivyo ilivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa vijiji viwili vya Izimbya. Kijiji cha kwanza kina akina mama 10 waliojifungua, na 9 kati yao walijifungulia hospitalini, yaani asilimia 90. Cha pili kina akina mama 190, na 95 walijifungulia hospitalini, yaani asilimia 50. Ukichukua wastani wa asilimia hizo mbili utapata 70. Kama lengo ni asilimia 65, tutashangilia. Lakini ukweli ni 104 kati ya 200, yaani asilimia 52 tu. Akina mama 96 walijifungulia nje ya hospitali, na kisanduku chenye 70 kimewaficha.

Sasa kila kisanduku cha Jumla kinafuata kanuni yake:

1. Idadi ya watu hujumlishwa na kuandikwa kwa wino mzito.

2. Asilimia hukokotolewa upya kutokana na idadi za jumla, na huandikwa kwa maandishi ya mlazo.

3. Kisichojumlishika, kama umri, huwekewa kistari.

4. Kilicho chini ya lengo hupakwa kijivu na kuwekewa nyota, hicho peke yake.

Hatukutumia nyekundu na kijani, kwa kuwa fotokopi zinazosomwa parokiani hazina rangi, na wako wasomaji ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili.

Kwa makarani wa takwimu: anayetumia programu ya SAS huweka amri ya CALL DEFINE ndani ya sehemu ya COMPUTE ya PROC REPORT, ili kupamba kisanduku kimoja bila kugusa vingine. Katika Excel, kanuni ya masharti huwekwa kwenye kisanduku husika.

Ndugu zetu, mkiona nyota msiishie hapo. Pandeni mistari ya juu, mtafute ni kijiji gani kimeishusha jumla, kisha muulize kikaoni: akina mama hawa walikwama wapi? Ni njia, ni nauli, au ni mvua? Swali hilo ndilo kazi yetu sote.