Matunda ya moto bila sukari: kazi ya ndizi zenye mchuuzi anakataa



Kila msimu wa mvua swali moja linarudi katika mikutano yetu: matunda yenye kubaki tunayafanya nini? Barabara imekatika, lori haijafika. Mchuuzi anakuja nyuma ya siku tatu, anaangalia ndizi zenye madoa meusi, anasema hizi zimekwisha kazi. Anachukua zile ngumu kwa bei yake mwenyewe na kuondoka. Zingine zinaenda kwa nguruwe, ao zinatupwa nyuma ya depo. Na jioni ile ile, mama mwenye ametupa ndizi anatuma mtoto dukani kununua sukari, kwa franka zenye zingenunua sabuni.

Sukari yenye mtoto anatumwa kununua ilikuwa tayari mu kitunga chenye kimetupwa. Katika toleo hili tunaeleza namna ya kuitumia: kupika matunda yenye kuiva sana na kuyakula yakingali na moto, bila kuongeza sukari hata kijiko kimoja. Ni chakula cha muda mfupi, na moto wenye umebaki kisha kupika maharagi unatosha.

Tuanze na ndizi, kwa sababu ndizi njo mwalimu wa jambo hili. Ndizi mbichi ya kijani, ukiitafuna, haina utamu. Ndani ya gramu 100 za nyama yake, karibu gramu 20 ni wanga, sawa na wanga ya muhogo. Inapoiva, wanga ile inageuka yenyewe kuwa sukari. Kufika wakati ganda limekuwa la manjano na madoa meusi, wanga inabaki gramu 1 ao 2 tu, na nyingine yote imekuwa sukari. Hakuna mtu ameongeza kitu. Wale wenye kutengeneza kasiksi wanajua hayo tangu zamani za bibi zetu: hakuna mwenye kukamua ndizi ya kijani. Wanaziweka kwanza shimoni ao juu ya moshi, wanangojea ziive, kwani bila kuiva hakuna utamu, na bila utamu hakuna pombe. Akili ni ile ile. Sisi tunaipeleka tu ku sufuria ya watoto.

Kwa hiyo madoa meusi juu ya ganda si ugonjwa wa tunda. Ni alama ya kwamba sukari imefika juu. Mchuuzi anakataa ndizi hiyo kwa sababu haivumilie safari, haiko kwa sababu ni mbaya kwa kula. Tofauti hii ni muhimu, na tunaomba ba mama waifahamu vizuri, maana wengi wanaona haya kuwapa wageni ndizi nyeusi, wanasema ni chakula cha nyama wa kufuga.

Lakini si kila tunda linafanya vile. Papai, embe na marakuja vinaendelea kuiva hata kisha kuvunwa, sawa na ndizi. Nanasi hapana. Nanasi lenye umevuna likiwa chungu litabaki chungu. Ganda litageuka rangi, nyama italainika, lakini utamu hautaongezeka, kwani hakuna wanga ndani yake ya kugeuka. Tunasema hivi kwa sababu tumeona depo zenye nanasi za kijani zimepangwa ziive na siku zinapita bure. Nanasi ya kupika bila sukari livunwe likiwa limeiva shambani, lenye kunuka vizuri upande wa chini.

Sasa kupika. Kwa watu 6 utatafuta ndizi 8 za kamaramasenge zenye madoa, ao 4 za aina kubwa. Makemba pia inafaa, lakini ingojewe mpaka ganda liwe karibu jeusi lote, kwa sababu yenyewe inakawia kuacha wanga. Ongeza nusu ya nanasi, marakuja 3, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, chumvi kidogo sana yenye unaweza kushika kwa vidole viwili, na karanga za kukaanga kiganja kimoja.

Osha nanasi kwa maji safi na kulisugua kabla ya kulimenya, kwa maana ganda utalitumia. Kile kichwa cha majani usikitupe, kinaweza kupandwa, ijapokuwa kinakawia kuzaa kuliko machipukizi ya pembeni. Maganda yatie mu sufuria pamoja na makopo 2 ya maji, yachemke dakika 15 mpaka 20, kiisha uchuje. Maji yenye yanabaki, karibu kopo moja, yana utamu na harufu ya nanasi. Hayo njo yanachukua nafasi ya maji ya sukari. Mu vijiji vingi maganda haya yanatupwa, na kwetu sisi ni hasara kubwa kuliko ile ya ndizi, kwani nanasi limekwisha kulipiwa jasho.

Mu maji yale tia nanasi yenye umekata vipande vidogo. Ule moyo mgumu wa katikati ukate mdogo zaidi, usiutupe. Tia tangawizi yenye umetwanga. Yachemke polepole dakika 10. Moto unaondoa kile kitu cha nanasi bichi chenye kuwasha ulimi, njo maana watoto wenye kukataa nanasi bichi wanakubali lile la kupikwa.

Ndizi zinaingia mwisho. Ukizitia mwanzoni zitayeyuka, zitashika chini ya sufuria na kuungua, na ladha ya kuungua haiondoke. Nusu ya ndizi ziponde kwa uma ao kwa mwiko, nusu zikate viduara. Zile za kupondwa zinafanya mchuzi uwe mzito bila unga wowote. Tia chumvi ile kidogo. Wengine wanashangaa: chumvi mu matunda? Lakini chumvi kidogo inapunguza ukali, na ulimi unasikia utamu zaidi. Jaribu sahani mbili, moja na chumvi, moja bila, utaona mwenyewe. Ikiwa unasikia chumvi yenyewe, umezidisha.

Funika dakika 5, kiisha ondoa sufuria ku moto. Sasa njo unatia marakuja, wakati chakula kimetoka motoni. Tuna sababu mbili. Ya kwanza, harufu ya marakuja inapotea ikichemka. Ya pili, marakuja na nanasi vina vitamini C, na moto mrefu unaiharibu. Vitamini hiyo inasaidia mwili kuchukua chuma kilicho katika maharagi na majani. Kwa hiyo familia yenye imekula maharagi na lenga-lenga, ikifuatisha na matunda haya mlo ule ule, inafaidika mara mbili. Kwa ba mama wenye mimba jambo hili si dogo. Usizidishe marakuja lakini: ukali wake unaficha utamu, na hapo mkono utaanza kutafuta sukari.

Mwagia karanga za kutwangwa juu, na mule chakula kikiwa vuguvugu. Hiyo pia ina sababu. Ulimi unasikia utamu vizuri zaidi mu chakula cha vuguvugu kuliko mu kile cha baridi. Ukionja kesho asubuhi kikiwa baridi, utasema kimepoteza utamu. Hakikupoteza, ni baridi tu.

Pahali hakuna nanasi, papai yenye kuiva inafaa sana, pamoja na ndizi na maji ya ndimu matone machache. Papai haihitaji kupikwa zaidi ya dakika 5. Papai na embe za manjano zinaleta vitamini A, na mwili unaichukua vizuri ikiwa kuna mafuta kidogo. Hapo karanga zinafanya kazi yao, haziko mapambo. Maembe yenye nyuzi nyingi, zile zenye kushika mu meno, zinapita vizuri ukizichuja kisha kuchemsha.

Kwa watoto wachanga: kabla ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Kisha miezi 6, mtoto anaweza kupewa matunda haya yaliyopondwa laini, bila chumvi, bila karanga za vipande, na marakuja ichujwe mbegu. Asali msimpe mtoto mwenye hajatimiza mwaka mmoja, hata tone, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za ugonjwa mkali wenye tumbo lake halijaweza kushinda. Tunalisema kwa kuwa mara nyingi tukisema “bila sukari” mtu anajibu “basi tutie asali”. Asali pia ni sukari ya kuongezwa. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na maji ya matunda, isipite 10 kwa mia ya nguvu yenye mtu anapata katika chakula cha siku, na kama inawezekana ibaki chini ya 5 kwa mia. Hiyo 5 kwa mia, kwa mtu mzima, ni kama gramu 25, vijiko vidogo 6. Mwenye kunywa chai mara mbili kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, amekwisha kufika. Sukari yenye kukaa ndani ya tunda lenyewe haihesabiwe mule.

Hata hivyo tusidanganyane: mwenye ugonjwa wa kisukari asifikiri kwamba sahani hii haina sukari. Ina sukari ya ndizi, na ndizi yenye kuiva sana inaipandisha haraka mu damu. Ale kidogo, na aulize kwanza ku kituo cha afya.

Kuna ndizi zenye hazipashwe kuingia mu sufuria. Yenye kuota ukungu, tupa yote, usikate tu sehemu yenye kuonekana. Yenye kunuka pombe imekwisha kuchacha. Na kuna ndizi yenye kudanganya: mkungu wenye kuiva mbele ya wakati wake ungali ku mgomba, kidole kimoja cha manjano, kingine cha kijani, na ukikata ndani unakuta alama za kahawia. Huo ni mnyauko wa bakteria, wenye ma agronome wanauita BXW, wenye umemaliza migomba mingi mu Kivu yetu. Ugonjwa huo hauingie mu mtu, ila ndizi yake haina ladha, na hatari kubwa ni maganda: ukiyatupa mu shamba unapeleka ugonjwa ku migomba mizima. Mgomba wa namna ile ukatwe chini, na kisu kipitishwe mu moto mbele ya kugusa mgomba mwingine. Usiuingize nyumbani kabisa.

Neno moja juu ya sufuria. Zile za aluminium zenye kuyeyushwa kutoka vyuma vya zamani si nzuri kwa matunda makali. Kupika muda mfupi ni jambo moja, kuacha chakula kilale ndani ni jambo lingine: ukali wa nanasi na marakuja unakula chuma, na chuma kinaingia mu chakula. Ukipika, hamisha mara moja mu bakuli la udongo ao la plastiki safi lenye kifuniko. Na chakula hiki kiliwe siku ile ile. Si njia ya kuhifadhi matunda. Kooperative yenye kubaki na vitunga 30 haitaimaliza kwa kupika. Kwa mzigo wa namna ile, kukausha ku jua njo njia.

Tunaomba komite ya depo ifanye jambo moja msimu huu. Siku lori imekawia, mwanamemba mmoja achague matunda katika vitunga vitatu: yenye kungojea mchuuzi, ya sufuria, na ya nguruwe ao ya mbolea. Kile cha sufuria kigawanywe jioni ile, kisingojee kesho. Kiisha andikeni mu kitabu kilo za kila kitunga na tarehe, na siku ngapi lori imechelewa. Kitabu hicho mtakipeleka mezani siku ya kukubaliana bei na mchuuzi, kwani kwa sasa yeye peke yake njo anajua hesabu ya kuchelewa kwake.