Betri ya Kilo Mia na Lita Tatu za Dizeli

Mwenye boti ya tanga anayetaka kung'oa injini ya dizeli na kuweka mota ya umeme karibu kila mara huanza kwa kuuliza: mota ya kilowati ngapi itanifaa? Jibu la swali hilo ni jepesi, wala halimsaidii sana, kwa kuwa mota nzuri siku hizi si haba. Linaloamua kama ataifurahia kazi hiyo au ataijutia ni jambo jingine. Kati ya mahali anapong'oa nanga na mahali atakapoweza kuchaji tena, boti yake inakula nishati kiasi gani? Na upepo ukilegea, yeye ni mtu wa kusubiri au ni mtu wa kuwasha injini?

Nishati hupimwa kwa kilowati-saa, ile ile ambayo mnunuzi wa LUKU au tokeni huiita yuniti. Lita moja ya dizeli imebeba takriban yuniti 10. Injini ndogo ya boti hupoteza nyingi kwa joto na moshi, na zinazofika kwenye shafti ni mbili na nusu hivi. Sasa chukua betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa boti, yenye volti 48 na ampea-saa 200. Ina yuniti 10 hivi, na uzito wake unakaribia kilo 100. Ukiitunza usiikaushe mpaka mwisho, unapata yuniti 8. Ukiondoa zinazopotea katika kidhibiti, mota na mkanda, shafti inapata 7 au pungufu kidogo. Kwa hiyo betri ya kilo 100 inafanya kazi ya lita tatu za dizeli. Tangi la kawaida la lita 60 lingehitaji betri kama hizo ishirini hivi, yaani tani mbili ndani ya boti ambayo yenyewe huenda ni tani tano. Ni vizuri mtu alijue hili kabla hajatoa senti ya kwanza.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu afanye badiliko hili? Kwa sababu injini ya boti ya tanga si injini ya lori. Kazi yake ni kuitoa boti bandarini, kuirudisha, na kuinusuru upepo unapokufa. Kazi hiyo fupi ndiyo inayoiua dizeli. Inawashwa, inasukuma kwa robo saa, inazimwa kabla haijapata moto vizuri. Masizi hujaa, mafuta yasiyoungua huchafua oili, unyevu hujikusanya tangini hadi vijidudu vikaota ndani ya dizeli, na maji ya chumvi hula mfumo wa kupoza. Nyingi hufa kwa kutu kabla hazijachakaa. Mota ya umeme haidhuriki kwa kuwashwa dakika mbili. Inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu mzunguko wa kwanza, na ukitaka kurudi nyuma inageuza mara moja, bila gia. Anayeingiza boti gatini huku upepo ukimsukuma ubavuni atalithamini jambo hilo kuliko ukimya ambao kila mtu huusifia.

Tena si jambo geni. Moritz Jacobi alisukuma mashua kwa mota ya umeme katika mto Neva, St. Petersburg, mwaka 1838. Gustave Trouvé alifanya hivyo katika mto Seine, Paris, mwaka 1881, kwa mota ya kupachikwa nyuma ya mashua na kubanduliwa. Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 boti za umeme zilibeba watu kwa maelfu. Kilichokuja kuzishinda ni hesabu ile ile ya uzito wa betri, baada ya injini za mafuta kuimarika. Lithiamu imeipunguza tofauti hiyo, haijaifuta.

Hapa ndipo mwendo unapoingia. Tuchukue boti ya mita 10, tani 5, ambayo sehemu yake iliyo majini ina urefu wa mita 8. Maili zote ninazozitaja ni za bahari, yaani mita 1,852. Maji yakiwa shwari na mkuku ukiwa safi, boti ya namna hiyo hula takriban kilowati 1 kwa mwendo wa maili 3 kwa saa, kilowati 2 kwa maili 4, kilowati 4 kwa maili 5, na kilowati 8 kwa maili 6. Ikikaribia maili 7 inakuwa inajaribu kulipanda wimbi lake yenyewe, na nguvu unayoiongeza huishia katika kuchafua maji. Zile yuniti 8 za betri yetu, kwa hiyo, zitakupeleka maili 24 ukienda 3 kwa saa, maili 16 ukienda 4, maili 10 ukienda 5, na maili 6 tu ukiikimbiza. Dizeli ilitufundisha kusukuma mkono wa gesi mpaka tuone povu nyuma. Katika umeme, kuongeza maili mbili kwa saa kutoka 4 hadi 6 kunakunyang'anya zaidi ya nusu ya safari.

Hesabu hizo ni za maji yaliyolala. Kwenye pwani yetu maji hayalali. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi kasi yake katika Mlango wa Pemba huweza kuzidi maili 3 kwa saa. Anayetoka Mombasa kuelekea Tanga msimu huo anakabili mkondo na upepo kwa pamoja, kwa zaidi ya maili 60. Weka mkondo wa maili 3 katika hesabu yetu. Ukienda 3 kwa saa, unasimama palepale mpaka betri iishe. Ukienda 4, unasonga maili moja kila saa kwa saa nne. Ukienda 5, unasonga mbili kwa saa mbili. Zote mbili ni maili nne. Ukienda 6 ni maili tatu. Na bado hatujaongeza upepo wa omo, ambao ukivuma kwa nguvu unaweza peke yake kuzidisha maradufu nishati inayotakiwa. Hakuna mota itakayoliponya hilo. Dawa yake ni ile waliyoijua manahodha wa majahazi kabla ya injini yoyote: kungoja msimu, kwenda na maji ya kupwa na kujaa, kupita karibu na nchi ambako mkondo ni dhaifu, na kujua pa kutia nanga njiani.

Kwa anayekaa karibu na bandari yake mambo ni tofauti kabisa. Boti inayoegeshwa ndani ya ghuba ya Kilifi au Mtwapa, ikatoka Jumamosi na kurudi Jumapili, huenda isihitaji zaidi ya yuniti 4 za mota kwa safari nzima. Paneli za jua za wati 400, kwa jua la pwani linalolingana na saa tano kamili kwa siku, huingiza yuniti 1.5 hivi baada ya hasara. Katika siku tano za kazi boti ikiwa nangani, betri iliyotumika yote inakaribia kujaa bila mtu kuigusa na bila dumu la mafuta kupitishwa juu ya maji. Kinyume chake, yuniti hizo 1.5 ukizitegemea baharini ni dakika 45 za mwendo wa maili 4, yaani maili tatu kwa siku. Paneli ni rafiki wa boti iliyopumzika.

Wengi huniuliza pia juu ya kuchaji kwa rafadha. Boti ikienda kwa tanga, maji huizungusha rafadha, na mota inageuka kuwa jenereta. Ni kweli, inafanya kazi. Lakini chini ya maili 5 kwa saa unachopata ni kidogo mno, na kwenye maili 6 boti ya ukubwa huu inaweza kukupa wati 200 au 300, huku ikipunguziwa mwendo. Siku nzima ya kaskazi nzuri itakurudishia yuniti mbili hivi. Ni kitu, hasa katika safari ndefu, ila mtu asijenge mpango wake wote juu yake.

Tukija kwenye kazi yenyewe ya kufunga, kuna jambo moja ninalolihofia kuliko mengine, nalo ni msukumo wa shafti. Rafadha inaposukuma maji nyuma, inaisukuma shafti mbele. Katika dizeli, msukumo huo unapokelewa na beringi zilizo ndani ya giaboksi, ukapita kwenye miguu ya injini hadi kwenye mwili wa boti. Ukiing'oa injini pamoja na giaboksi, umeondoa kiungo kilichokuwa kikiisukuma boti. Beringi za mota nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kuzunguka tu. Lazima iwekwe beringi ya kuhimili msukumo, iliyofungwa katika msingi imara ulioungana na mihimili ya boti, na iweze kuhimili pande zote mbili. Shafti isiyozuiwa, mota ikirudi nyuma kwa nguvu, inaweza kuchomoka na kuacha tundu chini ya maji. Ukiona mpango wa ufungaji usioonyesha beringi hiyo iko wapi, usikubali kazi ianze.

Rafadha nayo itazamwe. Ile ya dizeli ilichaguliwa kwa injini inayotaka kuzunguka haraka ndipo itoe nguvu. Mota hufaidi rafadha kubwa zaidi, yenye mwinamo mkali, inayozunguka polepole, mradi ibaki nafasi ya asilimia 10 hadi 15 ya kipenyo kati ya ncha za makafi na mwili wa boti. Na hapa nijibu lile swali la kwanza. Kwa boti hii mota ya kilowati 10 inatosha mahali pa dizeli ya nguvu-farasi 20. Sababu si kwamba kilowati ya umeme ina nguvu kuliko ya dizeli, kama matangazo mengine yanavyodai. Kilowati ni kilowati. Sababu ni kwamba nguvu za juu za dizeli ile zilikuwa hazitumiki, na rafadha iliyochaguliwa vizuri haipotezi.

Kilowati 10 kwa volti 48 ni ampea zaidi ya 200. Mkondo huo hausamehe kazi ya haraka. Boliti moja ya kebo isiyokazwa, yenye ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya ohmi, itatoa wati 40 za joto mahali pamoja, sawa na chuma cha kuchomelea waya kilichoachwa kikiwaka juu ya betri. Kebo ziwe nene, za shaba iliyopakwa bati ili chumvi isizile, na fupi kadiri inavyowezekana. Fyuzi ya gari haitoshi. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampea, na cheche ya umeme wa mkondo mnyoofu haijizimi yenyewe, hivyo inatakiwa fyuzi ya daraja T, karibu kabisa na betri. Volti 48 hupendwa kwa kuwa ziko chini ya mpaka wa volti 60 ambao viwango vingi huuhesabu kuwa salama zaidi kwa mtu kugusa, lakini spana ikiangukia juu ya vichwa vya betri itayeyuka vilevile. Kipo kiwango cha kimataifa kwa mfumo wa umeme wa kuendeshea vyombo vidogo, ISO 16315. Mwulize fundi wako kama anakijua.

Betri ya lithiamu huwa na mfumo wa kuisimamia, unaokata umeme pindi seli zinapopata joto kupita kiasi au zinapokaribia kukauka. Kwa betri ni ulinzi. Kwa nahodha aliye katikati ya mlango wa mwamba, wimbi likiwa nyuma yake, kukatika ghafla ni hatari kubwa. Ninataka kengele ilie mapema kabla ya kukatwa, betri zigawanywe katika makundi mawili yanayojitegemea, na taa, redio na pampu ya ngama ziwe na betri yao ya volti 12, ikichajiwa kupitia kigeuzi, kwa maana altaneta imeondoka na injini. Betri ziwe chini na katikati, kama farumi, mahali penye hewa: joto la kudumu linalopita nyuzi 35 hufupisha maisha yake, na sanduku lililofungwa chini ya sitaha pwani hufika huko upesi.

Wapo wanaotaka kuongeza jenereta ndogo ya dizeli kwa safari ndefu. Yenye kilowati 3 itakupa maili 4 kwa saa kadiri mafuta yalivyo. Inafaa kwa anayevuka mara chache kwa mwaka. Kwa anayevuka kila mwezi, dizeli iendeshe shafti moja kwa moja, kwa kuwa kuigeuza kuwa umeme kisha kuurudisha kuwa mzunguko ni kulipa hasara mara mbili. Jenereta ya petroli ya kubebeka sipendi kabisa kuiona ndani ya boti, kwa mvuke wa petroli unaotulia ngamani na kwa gesi ya kaboni monoksaidi inayoua watu usingizini.

Chombo ninachokiona kinafaa kuliko vyote ni jahazi la watalii la Lamu au Unguja linalotoka alasiri na kurudi magharibi. Linasafiri kwa tanga sehemu kubwa ya njia, linajua saa ya kurudi, linalala karibu na umeme wa nchi kavu. Chaja ya kilowati 3 katika soketi ya kawaida italijaza kwa saa tatu. Wenye majahazi hayo ndio ningependa wawe wa kwanza kufanya hesabu hii, mbele ya wenye mayoti.

Mota ikishafungwa, chagua asubuhi ya maji mafu isiyo na upepo. Endesha maili moja kwenda na maili hiyo hiyo kurudi kwa kila mwendo, 3, 4, 5, kisha 6, na uandike wati zinazosomeka kwenye kipimo. Chukua wastani wa kwenda na kurudi ili mkondo ujifute. Bandika jedwali hilo karibu na usukani, na ulirudie kila mkuku unapoota magugu na chaza, maana wati zitakuwa zimepanda kabla jicho halijaona.