Kuliko Nini? Utangulizi wa Taaluma ya Kulinganisha Tiba za Kiwewe

Chukua kamba, uitandaze sakafuni. Ncha moja ndipo ulipozaliwa. Ncha ya pili iache imeviringishwa, maana maisha hayajaisha. Kwa kila jema lililokupata, weka ua kando ya kamba. Kwa kila lililokuumiza, weka jiwe. Hivyo ndivyo inavyoanza tiba ya masimulizi, iliyobuniwa kwa ajili ya watu waliopitia vita na mateso. Kisha mshauri na mteja wanalirudia kila jiwe, taratibu: ulisikia nini, ulinusa nini, mwili ulifanya nini, na sasa unapokumbuka unafanya nini. Mshauri anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea mteja, mteja anasahihisha, wanaendelea. Mwishoni mteja anakabidhiwa maisha yake yote yakiwa kwenye karatasi.

Je, inaponya? Karibu katika taaluma hii, ambamo swali hilo halijibiwi mpaka liongezwe maneno mawili: inaponya kuliko nini?

Wengi wakisikia "tiba mbadala" hufikiria mitishamba. Hapa nina maana ya tiba kadhaa ambazo moja yaweza kushika nafasi ya nyingine kwa mtu yuleyule mwenye kiwewe: anayeamshwa na majinamizi, anayeshtuka mlango ukibamizwa, ambaye moyo umekufa ganzi hata kwa wanawe mwenyewe. Kuna tiba za kusimulia, za kuzipima upya fikra, ile ya kufuata kidole kwa macho aliyoianzisha Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, hata yoga. Kila moja ina watu wanaoapa kwamba iliwaokoa, na sina sababu ya kuwakatalia. Lakini aliyepona hawezi kutuambia kama asingepona bila tiba ile.

Ndiyo maana nawapenda watafiti wa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2008, wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa tiba ya masimulizi, wengine ushauri nasaha wa kiwewe, na kundi la tatu likafuatiliwa tu. Waliotoa huduma ni wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Baadaye, asilimia 70 ya kundi la masimulizi hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kundi la ushauri, 65. Kundi lisilotibiwa, 37.

Itazame hiyo 37 kabla hujaipita. Zaidi ya theluthi walipata nafuu bila tiba yoyote, na tiba ambayo ingeponya asilimia 37 tu, ikisimuliwa peke yake, ingeshangiliwa. Tena kati ya 70 na 65 hakuna mshindi. Tofauti kubwa imejificha kwingine: asilimia 21 ya waliopangiwa ushauri waliacha njiani, dhidi ya asilimia 4 upande wa masimulizi. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo zito la Nakivale, kwamba watu walivumilia kurudi kwenye mawe yao zaidi ya wengi wetu tulivyodhani.

Mashariki mwa Kongo, matokeo yalikuwa makali zaidi. Utafiti wa mwaka 2013 ulihusu wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Vijiji saba vilipata tiba ya kuchambua fikra, iliyorahisishwa ili asiyejua kusoma aishike kichwani; vijiji vinane vilipata msaada wa mtu mmojammoja. Miezi sita baada ya tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 upande wa tiba na 42 upande wa msaada. Nilifurahi niliposoma takwimu hizo, kisha nikauliza swali letu. Vikao vya tiba, isipokuwa kimoja, vilikuwa vya kikundi; msaada ulitolewa faraghani. Basi kilichoponya ni kuchambua fikra, au ni wanawake kukaa pamoja na kila mmoja kugundua kwamba hayuko peke yake? Yaweza kuwa vyote viwili, na utafiti ule hauwezi kuvitenganisha.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto yatima 640, wa Bungoma, Kenya, na Moshi, Tanzania. Washauri wasio na shahada za saikolojia waliwapa baadhi yao tiba ya fikra na tabia. Wenzao waliendelea na huduma za kawaida zinazowafikia yatima. Baada ya mwaka, watoto wa Bungoma waliopata tiba walikuwa bado wamewazidi wenzao kwa nafuu. Moshi, pengo halikuwepo: waliopata tiba na wasiopata walikuwa wamepata nafuu sawasawa.

Msomaji mwenye haraka atasema tiba ilishindwa Moshi. Mimi naona watoto walioinuka kwa mikono ambayo hatujaiorodhesha: pengine bibi, pengine mwalimu, pengine madrasa au kwaya. Sura ya kwanza inaanza na hao, watoto wa Moshi waliopata nafuu bila tiba yetu.