Mheshimiwa Mgombea, Niache Niuze Vitunguu Vyangu!

KILA ukifika mwaka wa uchaguzi barabara yetu hii hubadilika rangi. Bendera za kijani na njano huku, bendera za wapinzani kule, magari ya vipaza sauti yanapita mbio kutoka Morogoro kwenda kuukabili mlima Kitonga. Hapa Ruaha Mbuyuni waheshimiwa huwa hawakai. Wanasimama, wanapunga mkono, wanaahidi, wananunua vitunguu sado mbili tatu, hao! Sisi tunabaki na joto letu, mibuyu yetu na ahadi zao.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu. Nanunua kwa wakulima wanaomwagilia kando ya mto Ruaha, nafunga magunia, nashusha Dar. Digrii ya uchumi sina. Msimamo ninao, na kwa ajili yake jamaa wa kijiweni wamenibatiza jina la "Soko Huria". Msimamo wenyewe ni mfupi: serikali ilinde usalama, itunze barabara, isimamie mahakama na mizani, halafu iniache. Sitaki inipe mtaji, sitaki inipangie bei, wala sitaki iniulize kitunguu changu kimelala wapi.

Marekani watu wa aina yangu wana chama chao kabisa, Libertarian Party, kilichoanzishwa Desemba 1971. Urais hawajawahi hata kuunusa. Mwaka 2016 mgombea wao, Gary Johnson, alipata kama asilimia 3 ya kura na wakaona wamepiga hatua, maana hawajawahi kuzidi hapo. Lakini angalau wana mahali pa kuweka alama ya vema. Mimi nikiingia kwenye kile kibanda cha kura natafuta wa kwangu, simwoni.

Na si kwamba mawazo haya yameletwa na meli. Desemba hiyo hiyo ya 1971, siku ya Krismasi, pale Isimani mkoani kwetu, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia kampeni ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi mwenyewe akaupeleka mwili polisi Iringa mjini, na baadaye akanyongwa. Kuua ni kuua, simtetei. Nasema tu kwamba ugomvi wa "shamba hili ni la nani" tunaujua kabla hatujajua vyama vingi.

Waliokuja baadaye walilegeza. Zamani mahindi hayakuvuka kizuizi bila kibali. Mzee Mwinyi alipoingia mwaka 1985 mambo yakaanza kufunguka, watu wakamwita Mzee Ruksa, na mpaka alipofariki mwaka 2024 jina hilo halikumtoka. Fikiria, msomaji: kiongozi anakumbukwa na walalahoi kwa sababu ya kitu alichoacha kuzuia! Kuna mgombea aliyejifunza hapo? Hakuna. Kwenye uchaguzi wa 1995 John Cheyo wa UDP, ambaye mimi nilitegemea awe mtu wa biashara zaidi, alijulikana kama "Mapesa" kwa ahadi ya kuwajaza watu mapesa mifukoni. Akapata kama asilimia 4. Mwaka 2020 Hashim Rungwe wa CHAUMMA naye akanadi ubwabwa. Tulicheka sana, lakini nawaambia ukweli, ubwabwa na mapesa ni ndugu wa tumbo moja na ahadi nyingine zote.

Ahadi iliyonikera kuliko zote ni ile ya 2015. Mgombea wa CCM, marehemu John Magufuli, alikuja na sifa ya barabara, na mimi mtu wa barabara nilikuwa na kila sababu ya kumsikiliza. Ndani ya ilani kukawemo shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Kijiweni watu wakapagawa! Kila mmoja akaanza kupanga matumizi, wengine wakaanza kuunda vikundi.

Nikachukua kalamu. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Mara milioni 50, unapata shilingi bilioni 600 na zaidi. Zinatoka wapi? Kwa mimi na wewe. Haya, tuseme kijiji kina kaya elfu moja. Gawanya: elfu hamsini kwa kaya. Yaani nikatwe kodi nikiwa Ruaha Mbuyuni, hela ipande basi, izunguke maofisini, ipigwe mihuri, halafu irudi kwangu elfu hamsini na niimbe kusifu. Milioni 50 zenyewe vijiji havikuziona. Wengine walilalamika kwamba hazikuja. Mimi kilichoniudhi ni kwamba ziliahidiwa.

Alipoingia Ikulu, sera zikawa za mkono mzito. Mwaka 2017 serikali ikazuia mahindi ghafi kwenda nje, eti yasagwe kwanza, uuzwe unga. Ni wazo zuri kwa mwenye kinu! Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, aliyekwisha kuvuna, alibaki na magunia na bei ikaporomoka. Malori ya Zambia na Kongo yanapita hapa mlangoni usiku na mchana, halafu mtu anaambiwa mahindi yake yasivuke mpaka.

Novemba 2018 ikawa zamu ya korosho kule kusini. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma. Serikali ikasema itanunua yenyewe, shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Shangwe! Kisha yakaanza mambo ya uhakiki, malipo yakachelewa kwa wengi, na wale wachuuzi wadogo wa kangomba wakawa wanasakwa kama wezi wa ng'ombe. Bei nzuri ambayo hujalipwa utaila na nini?

Nitakuwa muungwana, mazuri nayo yalikuwepo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Hilo ndilo lililoingia mfukoni kweli. Lakini kijiweni halikuamsha hata nusu ya shangwe ya zile milioni 50. Ndipo ninapochoka kabisa. Na sisi wapiga kura tuna matatizo! Mgombea akisema "nitakupa" tunapiga vigelegele. Akisema "sitakuchukulia" tunamwangalia kama hajala.

Njiani nako kuna mengine. Kipo kizuizi kimoja, jina na mahali nayahifadhi, ambacho karatasi zangu hata zikiwa safi namna gani hukosa kitu. Siku moja walinisimamisha tangu asubuhi mpaka jua kali, vitunguu vikatoa jasho ndani ya magunia, nikashusha mzigo umeanza kunuka. Hakuna ilani niliyoisoma iliyozungumzia siku ile.

Majuzi nilikuwa nayaeleza haya kwa dada mmoja anayewauzia abiria wa mabasi vitunguu. Akaniangalia, akaniambia: "Kaka, wewe una magunia. Mimi kile kitambulisho cha Magufuli cha elfu ishirini kiliniokoa. Nilikuwa nakimbizwa na ndoo kichwani, nikakivaa shingoni, mgambo wakanyamaza."

Ni kweli, vile vitambulisho vya Desemba 2018 viliwapa pumzi wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Nikamjibu: dada yangu, wewe ulilipa elfu ishirini ili uachwe. Serikali ilijua kwamba ukiachwa unafanya kazi, ikaona iweke na bei ya kuachwa.

Akacheka, lakini hakuniachia. "Na lumbesa je? Nyie wanunuzi mnashindilia gunia mpaka linaota kichwa, mkulima analipwa gunia moja. Serikali ikikaa pembeni, nani atawashika mkono?"

Hapo pana uzito, na wakulima wa hapa wanalijua jambo hilo kuliko mimi. Nikamwambia ndiyo maana nataka mizani ya haki kila soko. Serikali ipime gunia, bei tubishane wenyewe. Hakuridhika. Aliniambia mwenye njaa habishani bei, anapokea, na mimi najua hivyo kwa sababu ndimi ninayewanunulia.

"Sasa wewe ukigombea utaahidi nini?" akauliza.

"Kuondoa vizuizi viwili na ushuru mmoja."

"Na fulana?"

"Fulana hakuna."

"Basi kura yangu huna," akasema, akabeba beseni lake, maana basi la Mbeya lilikuwa limeshapiga honi na wenzake walikwisha mtangulia dirishani.