Mazoezi ya Mwili na Uponaji wa Moyo Uliojeruhiwa

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alimaliza mbio za marathoni za mashindano ya dunia ya riadha kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huo huo, na ni picha ya mstari wa mwisho iliyothibitisha kwamba Mtanzania ametangulia. Nishani hiyo ya dhahabu, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, ilikuja miaka 8 baada ya Simbu kupata shaba jijini London mwaka 2017.

Fahari hiyo huonekana kuwa mbali na mtu aliyeketi katika zahanati ya Ikungi au Mkalama, akieleza kwamba halali usiku, chakula hakina ladha, na mwili umechoka ilhali kipimo cha malaria hakikuonesha kitu. Pengine amefiwa; pengine ukame umemnyang'anya mavuno. Dalili hizo zikidumu kwa wiki 2 au zaidi, zikiambatana na huzuni ya karibu kila siku au kupoteza hamu ya mambo yaliyomfurahisha, mhudumu wa afya hana budi kufikiria sonona. Hali hiyo si uvivu, wala si upungufu wa imani. Ni maradhi yanayotibika, na mazoezi ya mara kwa mara ni sehemu mojawapo ya tiba yake.

Ushahidi wa tafiti

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, wakiongozwa na James Blumenthal, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu 156 wenye sonona, wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilifanya mazoezi mara 3 kwa wiki, la pili lilipewa dawa ya setralini, na la tatu lilipata vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa na nafuu iliyokaribiana, ingawa waliotumia dawa peke yake walianza kupata nafuu mapema zaidi. Mapitio ya tafiti 218, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionesha kwamba kutembea, kukimbia polepole, yoga na mazoezi ya kuimarisha misuli hupunguza dalili za sonona. Hata hivyo, waandishi wake walitahadharisha kwamba tafiti nyingi kati ya hizo zilikuwa na kasoro, hivyo matumaini hayapaswi kupita kiasi.

Je, jembe halitoshi?

Swali hili huulizwa kwa haki. Mkulima wa alizeti hulima tangu alfajiri. Mwanamke huchota maji, huokota kuni na kutwanga. Kwa moyo, mapafu na misuli, kazi hizo ni mazoezi. Kwa hisia, mambo ni tofauti. Tafiti zimeonesha kwamba mwendo ambao mtu huuchagua mwenyewe wakati wa mapumziko huambatana na afya njema ya akili kuliko ule anaolazimika kuufanya kazini. Anayelima huku akihesabu madeni hubeba mzigo wake hadi mwisho wa tuta. Kwa hiyo, kumwambia mama aliyechoka aongeze kazi ya mwili si tiba. Anachohitaji huenda ni nusu saa iliyo yake mwenyewe, na jamaa wa kumpokea mtoto.

Majira nayo yana uzito. Singida ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Mavuno yakiisha, wengi hukaa bila shughuli, na anayeomboleza hupata muda mrefu wa kuwa peke yake na mawazo yake. Kiangazi ndicho kipindi ambacho ratiba ya mazoezi hufaa zaidi.

Kinachotendeka mwilini

Mwendo wa mara kwa mara huboresha usingizi na kuuzoesha mwili kustahimili msongo, ili mapigo ya moyo yakipanda yasitafsiriwe daima kuwa hatari. Ubongo nao hubadilika: utafiti wa mwaka 2011 uliohusisha wazee 120 ulionesha kwamba mwaka mmoja wa kutembea uliongeza kwa takriban asilimia 2 ukubwa wa hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Zaidi ya hayo, sonona humfundisha mtu kwamba hana awezalo. Kila safari aliyoahidi akaitimiza, hata iwe fupi, huupinga uongo huo, na hapo ndipo ukuaji wa nafsi huanzia.

Kuandika zoezi kama dawa

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Hilo ni lengo, na mgonjwa asianze nalo. Mhudumu amuulize, "Mama, ni saa ngapi unaweza kutoka, na ni nani anaweza kufuatana nawe?" kisha waandike pamoja siku, saa na njia. Dakika 10 mara 3 kwa wiki zinatosha kuanzia. Kasi ya wastani ni ile inayomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Mkazi wa mjini anaweza kupita kando ya Ziwa Singidani asubuhi kabla ya jua kali. Wa kijijini anaweza kucheza ngoma na wenzake au kucheza mpira na vijana. Mwenzi wa kutembea naye humtoa mgonjwa katika upweke, jambo ambalo lenyewe ni dawa.

Mipaka isiyovukwa

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa wala ushauri nasaha kwa mwenye sonona kali, na dawa isiachwe bila idhini ya tabibu. Mhudumu aulize waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua; kuuliza hakumtii mgonjwa wazo hilo, na jibu la ndiyo linahitaji rufaa ya haraka, asiachwe peke yake. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la juu la damu apimwe kwanza. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa zoezi ni sababu ya kusimama na kurudi kituoni mara moja.

Aidha, asiyeweza kutoka leo asilaumiwe. Kupoteza nguvu ya kuanza ni dalili ya maradhi yenyewe. Mhudumu ampunguzie kipimo, kutoka dakika 10 hadi 5, au hadi kufika mlangoni na kurudi, kisha ampangie siku ya kuonana tena.