Umeme umerudi, mbona redio bado kimya?

Wasikilizaji wetu wa Miono na vijiji jirani mmetuuliza swali hili, na mna haki. Umeme ukikatika saa ya matangazo ya vifo, dakika chache za ukimya zinatosha mtu akose taarifa ya mazishi ya ndugu yake.

Matangazo tuliyorekodi hupigwa na kompyuta inayotumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Simu za Android nazo zimejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo huenda unayo mfukoni.

Kompyuta ikiwashwa huanzisha programu nyingi za nyuma ya pazia, zinazoitwa huduma: ya sauti, ya saa, ya mtandao. Nyingine huanza kwa pamoja, nyingine husubiri mwenzake amalize.

Fundi wetu aliandika amri systemd-analyze blame, inayoorodhesha kila huduma na muda iliotumia. Ya kwanza ilikuwa huduma inayosubiri mtandao: sekunde 120. Modemu nayo ilikuwa ndiyo kwanza inawaka, mtandao haujashika, basi huduma ikangoja mpaka muda wake ukaisha.

Lakini anayechelewa si lazima awe ndiye anayechelewesha wengine. Kwenye shughuli, maharage yanaweza kuchemka saa mbili pembeni bila kumkera mtu. Tatizo ni pale wali unapomsubiri aliyetumwa nazi, na wageni wanausubiri wali. Kwa hiyo fundi akaandika amri ya pili, systemd-analyze critical-chain, inayoonyesha nani anamsubiri nani. Hapo ikaonekana: programu ya kupiga matangazo ilikuwa imepangiwa isubiri mtandao kwanza.

Wakati matangazo yote yamo ndani ya kompyuta yenyewe! Mtandao haukuhitajika. Fundi akaliondoa sharti hilo. Sasa mtandao ukichelewa, unachelewa peke yake.

Je, simu yako nayo huchelewa kuwaka? Usiizime katikati. Ikishawaka, angalia kama nafasi imejaa, kisha futa programu usizotumia.

Na kuanzia sasa, umeme ukikatika wakati wa matangazo ya vifo, tutayarudia yote tukirudi hewani.